Bruhns au Berghoff: nani hasa aliwafungulia wanawake mlango wa kusoma habari kwenye televisheni ya Ujerumani?
Ukitazama tarehe tu, ubishi umekwisha. Wibke Bruhns alisoma taarifa ya habari ya "heute" kwenye kituo cha ZDF tarehe 12 Mei 1971, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika televisheni ya Ujerumani Magharibi. Dagmar Berghoff aliketi kwenye "Tagesschau", taarifa ya habari ya kituo cha ARD, tarehe 16 Juni 1976, miaka 5 baadaye. (Upande wa Ujerumani Mashariki, Anne-Rose Neumann alishawatangulia wote wawili tangu 1963, ila yeye husahaulika.)

Lakini kutangulia si kudumu. Bruhns alikuwa mwandishi wa habari hasa. Kusoma karatasi iliyoandikwa na wengine kusingemtosha. Mwaka 1972 alimpigia debe Kansela Willy Brandt waziwazi, na 1973 akaiacha "heute". Baadaye akawa mwandishi wa jarida la Stern huko Jerusalem na Washington. Kwa ujasiri, nampa yeye.

Berghoff je? Alisomea uigizaji Hamburg, na mtaji wake ulikuwa sauti. Mwaka 1988, akisoma habari za mchezaji tenisi Boris Becker, mashindano ya tenisi ya "WCT" yalimtoka mdomoni kama "WC", yaani choo! Akajikaza, wapi, kicheko kikamshinda hewani. Kwangu, hapo ndipo alipoacha kuwa "yule mwanamke wa Tagesschau" akawa mtu wa nyumbani, mgeni wa saa 2 usiku. Mwaka 1995 akawa msomaji mkuu, na aliiaga "Tagesschau" tarehe 31 Desemba 1999.