Umelipia kunyonywa, hukulipia kumwagwa

Nyota tatu ndizo nilizokusudia kuwapa. Tangu alasiri nimekaa na simu mkononi, na kila nikiikumbuka sauti ya yule dereva, nyota moja inadondoka. Basi niandike upesi kabla hazijaisha.

Hawa ni watu wa magari ya kunyonya maji taka. Jina la kampuni silitaji, sitaki kesi.

Sisi huku Utawala, mtaa wa Nairobi, nyumba nane ndani ya geti moja, hatujaunganishwa na laini ya maji taka. Tuna septiki moja ya pamoja, tangi la maji taka lililofukiwa ardhini, na mimi ndiye mweka hazina, cheo nilichotunukiwa siku niliyochelewa kikao. Mvua za mwezi jana, kama si za mwezi juzi, zilipokolea, choo cha nyumba ya mwisho kikaanza kuguguma usiku kama mtu anayesukutua. Anayeujua udongo wa upande huu atanielewa. Ni mweusi, unanata, na ukishalowa huvimba ukafunga kinywa. Tope hukaa chini ya tangi, mafuta na povu huelea juu, na yale maji ya katikati ndiyo yanayotakiwa kutoka yaende kunywewa na ardhi. Ardhi ikikataa, yanarudi. Yalirudi. Kwetu Malindi mchanga hunywa kila unachoupa, mpaka inatia hofu, maana kisima cha jirani nacho kinanywea humo humo. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Nikapiga simu. Wakataka elfu tisa kwa safari moja, nikavuta, wakavuta, nikawaambia nina namba za wenzao watatu (nilikuwa nayo moja tu), tukakwama kwenye elfu sita. Nikajiona mjanja, nikawatangazia majirani.

Sasa mazuri, maana yapo na sitawadhulumu. Walikuja saa waliyosema. Jamani, Nairobi hii, gari likaja saa lililosema! Utingo wao, kijana mwembamba mwenye glavu zilizotatuka kidole gumba, alinikuta getini akaniambia "Shikamoo mama", na mimi nina miaka sijasikia shikamoo huku bara. Mfuniko wa septiki aliuinua kwa nondo, akaulaza juu ya kadibodi ili usichune vigae. Pale mpira unapoungana na mwingine alitandika gunia, na kila tone lililovuja liliishia kwenye gunia. Alipomaliza aliomba ndoo ya maji, na ilikuwa siku ya mgao, akaitumia nusu tu, akanirudishia nusu. Nimeshaajiri mafundi wa kupaka rangi walioniachia uchafu mara kumi ya ule. Kwa kijana huyo peke yake, nyota tano na chai.

Dereva yeye hakushuka. Alikaa juu huko, dirisha wazi, anatafuna karanga na maganda anayatupia kwenye maua yangu. Tangi lilipojaa akasema, "Tunapeleka Ruai, tunarudia iliyobaki." Nikasema sawa, nikaingia jikoni kukanda unga wa mahamri.

Kwa msiojua, Ruai ndiko maji taka mengi ya jiji hili yanakokwenda. Kwenye makaratasi mahali pale panaitwa Dandora, lakini mabwawa yenyewe yako Ruai. Hakuna mtambo wa ajabu. Ni mabwawa yaliyofuatana, uchafu unazama kwenye yale ya mwanzo, kisha jua, mwani na vijidudu vinafanya kazi yake polepole, bwawa baada ya bwawa, siku baada ya siku, mpaka yanapotoka mwisho yanaweza kuingia Mto Nairobi bila kuua kila kitu. Kazi ile inahitaji muda. Maji hayaharakishwi.

Wao walikuwa na haraka. Unga wangu haujaanza hata kuumuka, nasikia honi getini.

Nikatoka na mikono ya unga. Utingo anautandaza mpira tena, na kwenye mdomo wa ule mpira, palipo na kile chuma cha kufungia, nikaona jani bichi la tete limenasa, refu, limekunjika, na matope mepesi ya rangi ya chai. Si matope ya septiki, hayo nimeyafahamu sasa kuliko nilivyotaka. Ni matope ya kingo za mto.

Nikamuuliza kijana, mmemwaga wapi? Akainama akafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa gambuti.

Nikamwendea dereva.

"Ruai," akasema.

"Dakika ishirini, kwenda na kurudi, na foleni ya barabara ya Bypass?"

"Tumepitia ndani, mathe."

Hapo ningenyamaza mambo yakaisha. Lakini mimi ni mweka hazina na napenda karatasi. Kanuni za taka ziko wazi kwamba anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na ile taka iwe na hati yake ya kuifuatilia kutoka ilikochukuliwa hadi inakomwagwa. Nikamwambia nataka nakala niiweke kwenye faili la nyumba nane. Akanitazama kama niliyemwomba figo. Kisha akacheka, ganda la karanga likiwa bado mdomoni, akasema:

"Mathe, wewe umelipia kunyonywa. Hukulipia kumwagwa."

Akapiga gari moto. Si kwamba alikuwa anaondoka, safari ya pili ilikuwa haijaanza kunyonywa. Ni ili nisisikike.

Nimeyageuza maneno yale kichwani kila siku tangu hapo. Najua matusi, nimelelewa karibu na soko la samaki, na lile halikuwa tusi. Lilikuwa kama risiti. Ndiyo maana linauma.

Hajui anasema na nani. Kijito chochote unachokichafua upande huu wa Nairobi mwisho wake kitaingia Mto Athi, Athi ikifika chini iitwe Galana, kisha Sabaki, na Sabaki inaingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Mambrui, bwana dereva, ndiko aliko dada yangu. Nimevuka daraja la Sabaki nikiwa nimebebwa mgongoni, nimelivuka nikiwa bi harusi. Mvua zikinyesha huku bara, bahari yetu inageuka rangi ya kahawia, na watalii wanauliza kulikoni. Siku zote tulisema ni udongo wa mashamba ya watu wa juu. Ni kweli, ni udongo. Lakini sasa nikimpigia dada akiniambia bahari leo imechafuka, nanyamaza, maana naliona lile jani.

Na kuna jambo lingine linalonikera zaidi nikilifikiri usiku. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, mita za ujazo milioni 70 likijaa. Bwawa hilo liko kwenye Mto Thika, na Thika ni mtoto wa Mto Tana. Maana yake maji yale Mungu aliyaandikia Tana, yatokee baharini Kipini. Sisi tukayageuza, tukayaleta Nairobi, tukayaogea, tukayapitisha chooni, na sasa yanashuka Athi yatokee kwetu. Mto mmoja tumeupunja, wa pili tukaujazia uchafu, na katikati ya hayo yote yupo bwana mmoja na karanga zake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Dada yangu hana septiki Utawala, lakini na yeye ni mtu.

Kwa hiyo nyota mbili. Moja. Nilikuwa nimefikia sifuri.

Halafu nikatulia kidogo. Niseme kweli, sikuwaona wakimwaga. Huenda Ruai nako kuna matete, sijawahi kuingia ndani ya lile geti. Huenda kuna chemba ya laini ya maji taka iliyoruhusiwa karibu na hapa ambayo mimi siijui, na njia ya ndani anayoijua yeye. Jani moja si ushahidi mahakamani. Safari ya pili walichukua muda mrefu zaidi, unga uliumuka mpaka ukamwagika sufuriani, ingawa nahisi waliketi mahali wakanywa chai ili nisiulize tena. Choo cha nyumba ya mwisho kimenyamaza. Majirani wamefurahi, wameniambia mweka hazina hoyee.

Nikafanya hesabu kwenye kijitabu, kwa kalamu, kama ninavyofanya za michango. Dizeli ya kwenda Ruai na kurudi. Ada ya kumwaga. Mshahara wa kijana mwenye glavu iliyotatuka. Nikaanza na elfu tisa zao za mwanzo, nikatoa kimoja kimoja, kikabaki kidogo cha mwenye lori. Nikaanza tena na elfu sita zangu. Hazikufika. Hesabu ilikwama katikati ya barabara, karibu kabisa na kijito.

Ule ukurasa nimeuchana. Sijui kwa nini nauandika hapa.

Nyota mbili, basi, na moja kati ya hizo mpelekeeni utingo.

Namba yao sikuifuta. Nimeihifadhi kwa jina "Kunyonya Tu". Leo asubuhi jirani wa geti la pili, mama mwenye duka, amenipigia anaitaka, kwao nako kumeanza kuguguma. Nikampa. Nikamwambia, dada yangu, kabla ya kuanza kuvutana bei waulize kwanza wanamwaga wapi.

"Kwani wewe uliwauliza kabla?"

Nikamwambia nimeacha maziwa jikoni yanachemka, nikakata simu.