Kipima mwanga cha mtumba: aliyenidanganya ni betri

Kamera yangu ya filamu haina kipima mwanga ndani, na kukisia nilikuwa nimechoka. Nikanunua Gossen Lunasix 3 iliyotumika, mashine ya Kijerumani ya zamani, inajaa kiganja. Muuzaji akaitia betri mbili mpya za alkalini, mshale ukacheza, nikalipa.

Roli ya kwanza ilikuwa harusi Mji wa Kale, Mombasa. Nilipoiosha, negativu zilitoka nyepesi mno. Nikizielekeza dirishani, penye mabaibui ya kina mama palikuwa plastiki tupu, hakuna hata mkunjo mmoja.

Kumbe kifaa hiki kiliundiwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo nchi nyingi zimezipiga marufuku. Alkalini ina 1.5. Volti ikizidi, mshale nao unapanda, unaambiwa mwanga ni tele, nawe unabana lenzi, filamu inakosa mwanga. Tena alkalini hushuka kidogo kidogo inavyoisha, kwa hiyo hata kosa lenyewe halikai mahali pamoja. Huwezi kusema utakuwa unaongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili) basi.

Dawa niliipata duka la vifaa vya kusikia: betri namba 675, volti 1.4, zinazotumia hewa. Ni ndogo kwa nafasi yake, nikazivisha pete za mpira za fundi bomba. Ukibandua kibandiko, iache dakika chache ivute hewa. Ubaya wake, ikishabanduliwa inaanza kuisha, utumie usitumie.

Nikakijaribu saa nne asubuhi, anga safi, jua mgongoni (si saa sita, jua la utosi linapotosha). ISO 100 (wepesi wa filamu kuhisi mwanga), shata 1/125 ya sekunde, kuba jeupe juu ya seli likitazama kamera: tundu la lenzi f/16, kasoro kidogo tu, ndivyo inavyotakiwa kwa jua kama hilo. Nikarudisha alkalini palepale: karibu f/22, tundu dogo zaidi. Hapo nikaielewa ile harusi.

Sasa ninakipenda. Kamera ya dijitali hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, ndiyo maana kanzu ya bwana harusi hugeuka kijivu. Kuba hupima mwanga unaomwangukia mtu, awe amevaa kanzu au baibui.

Kero iliyobaki ni seli yake ya CdS (kadmiamu salfaidi, ndiyo inayohisi mwanga), hukumbuka jua. Ukitoka nje ukapima ukumbini papo hapo, inakosea. Kwa hiyo nakitia mfukoni kwanza, nawaamkia wazee, ndipo nakitoa.