Mwisho wa Game of Thrones niliouangalia nikila daku

Nianze na tahadhari. Kama hujaiangalia Game of Thrones, ile tamthilia ya Marekani ya koo zinazogombea kiti cha ufalme, na una mpango nayo, ishia hapa, maana namwaga kila kitu.

Niliianza 2013. Duka la muvi mtaani kwetu Tabata lilikuwa linakujazia sizoni nzima kwenye flashi, nikachukua mbili za kwanza kwa kujaribu tu. Siku nne zikaisha, nikawa naenda kazini macho mekundu kama nimelia. Kufika 2019 nilikuwa nalipia king'amuzi kwa ajili ya sizoni ya nane peke yake. Marekani ilikuwa inarushwa Jumapili saa tatu usiku, kwetu Jumatatu saa kumi alfajiri, na sikutaka mtu anihadithie ofisini kabla sijajionea.

Kilichonishika mwanzoni si majoka yake yanayoruka na kutema moto. Ni kwamba katika hadithi ile ukikosea unalipa. Ned Stark, uliyedhani ndiye steringi, anakatwa kichwa kwenye episodi ya tisa kwa sababu aliwaamini watu wasioaminika. Hata umbali ulikuwa na gharama: mfalme anaposafiri kwenda Winterfell, ngome ya Ned huko kaskazini, msafara unatumia mwezi mzima barabarani. Ukiwa mtazamaji unazoea kuhesabu siku pamoja nao.

Sasa njoo sizoni ya saba. Jon, kijana aliyelelewa na Ned, na wenzake wamezingirwa na jeshi la wafu wanaotembea, juu ya barafu, huko ng'ambo ya Ukuta mkubwa unaolinda kaskazini. Kijana mmoja anakimbia kuomba msaada, kunguru wa kupeleka barua anarushwa kuvuka karibu bara zima, Daenerys, malkia mwenye majoka, anapata barua, anavaa, anapanda joka, anafika. Yote hayo ni kama usiku mmoja hivi. Kunguru yule hata bodaboda wa Tabata hamfikii. Mpwa wangu, tuliyekuwa tukiangalia naye, alicheka. Mimi ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Haraka ile ilikuwa ya kujitakia. Sizoni sita za kwanza zilikuwa na episodi kumi kumi. Ya saba ikawa na saba, ya nane sita. Watengenezaji wake, David Benioff na D. B. Weiss, ndio walioona kumi na tatu zinatosha kumalizia, wakati HBO, kituo kilichoirusha, kilikuwa tayari kuwapa nafasi zaidi. Na vitabu ilikotoka hadithi walikuwa wameshavipita: mwandishi wake, George R. R. Martin, alitoa cha tano 2011, mwaka uleule tamthilia ilipoanza, na cha sita hakikutokea.

Vita ya usiku ule mrefu dhidi ya wafu, episodi ya tatu ya sizoni ya nane, sikuiona. Nasema kweli, sikuiona, ilikuwa giza tupu. Nilipandisha mwanga wa runinga hadi mwisho, nikazima taa, nikafunga pazia. Bimkubwa aliamka kuswali alfajiri, akasimama mlangoni akatutazama tumekodolea macho kioo cheusi, akauliza, "Hiyo imeharibika tangu saa ngapi?"

Watu wengi walicheka kikombe cha kahawa cha kisasa kilichosahaulika mezani wakati wa kurekodi episodi ya nne. Hilo mimi sikulijali kabisa.

Lililoniuma ni Daenerys. Ilikuwa Mei 13, tumeshaingia Ramadhani, sahani ya wali na maharage iko mapajani. Mji mkuu aliokuja kuuteka umesalimu amri, kengele zinalia, na yeye juu ya joka anaanza kuchoma watoto na wauza samaki. Nakumbuka mkono ulibaki na tonge hewani. Huyu ndiye mwanamke aliyeletewa mifupa ya mtoto mmoja wa mchungaji aliyeunguzwa na joka, sizoni ya nne, akalia, akaenda kuwafunga minyororo majoka wawili aliowalea kama wanawe. Kwa ajili ya mtoto mmoja! Simaanishi hawezi kubadilika. Dalili zilikuwepo, alishawachoma na kuwasulubu watu, na baba yake alikuwa kichaa. Kama wangenipa episodi nane za kumwona akiachwa peke yake, akifiwa na marafiki mmoja mmoja, akizoea kuogopwa, ningekubali huku nalia. Walinipa kama dakika tano za uso wenye hasira.

Na Jaime, pacha na mpenzi wa malkia Cersei. Miaka yote tumemwona akijivua ubaya taratibu, mpaka akampa Brienne, yule mwanamke mpiganaji, sijui niuiteje, ile heshima ya shujaa ya kuguswa upanga begani, tukio ambalo kwangu ndilo bora katika sizoni nzima. Episodi mbili mbele anapanda farasi kurudi kwa Cersei, mawe yanawaangukia, basi.

Mwisho wenyewe ulikuja Mei 20. Tyrion, mdogo wake Jaime, mfungwa aliyefungwa pingu, anawashawishi wakubwa wamtawaze Bran, mtoto wa Ned, kwa hoja kwamba hakuna mwenye hadithi nzuri kumshinda. Bran huyo sizoni ya tano nzima hakuonekana hata mara moja! Hadithi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba waliweza kuiruka mwaka mzima na hakuna aliyeulizia. Majina yalipoanza kupita kwenye kioo, mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hii imeisha au imekatika?" Nikamwambia anywe maji, adhana inakaribia.

Bibi yangu wa Tanga alikuwa akimaliza hadithi husema: ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Watengenezaji wa hii walipata ile nzuri, tuzo kumi na mbili za Emmy, zile za runinga za Marekani, mwaka huohuo, ya tamthilia bora ikiwemo. Huku mtandaoni watu zaidi ya milioni moja walitia saini kutaka sizoni ya nane itengenezwe upya. Mimi sikutia. Mtu huwezi kudai kurudishiwa hadithi.

Nikiulizwa alama, sizoni sita za kwanza nazipa tisa kwa kumi. Ya nane naipa nne, na nne hizo ni za muziki wa Ramin Djawadi na ile episodi ya pili, ambamo watu wamekaa tu kando ya moto wakiongea huku wakisubiri kufa.

Juzi mwenzangu wa kazini aliniomba, nikamwekea kwenye flashi hadi sizoni ya sita, zilizobaki nikazifuta. Nikamwambia ndizo zote. Wiki tatu baadaye akanipigia usiku, "Kaka, mbona haijaisha?"

Nikamwambia hata mwenye hadithi bado hajaimaliza, avute subira.