Hoteli Tatu Ndogo za Moshi: Kahawa, Reli na Mlima

Mimi na mke wangu tunaishi Arusha, na tunapopata siku mbili za mapumziko huwa tunakwenda Moshi, kilomita zipatazo 80 kwa barabara, kwa sababu mji ule ni mdogo, unasifika kwa usafi, na mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu bila kuchoka. Siku hizi baadhi ya hoteli ndogo za pale zimeacha kufanana. Kila moja inashika jambo moja na kulipamba kuanzia mlangoni hadi kitandani. Katika safari tatu tumelala katika nyumba tatu za namna hiyo: moja imeshika mlima, nyingine reli, na nyingine kahawa. Sitazitaja majina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayatawapendeza wenye nyumba.

Ya mlima ndiyo yenye picha nzuri kuliko zote mtandaoni, na ndiyo iliyotuvunja moyo mapema. Vyumba vimepewa majina ya vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara chini, Horombo katikati, Kibo juu kabisa. Sisi tulipewa Kibo, tukapanda ngazi na mabegi yetu, na kule juu tukakuta maji ya moto hayafiki, jambo ambalo mke wangu alisema linakwenda sawasawa na jina la chumba. Hayo ningeyasamehe. Lakini juu ya kitanda palitundikwa picha kubwa iliyoandikwa "Kilimanjaro, mita 5,895", na mlima uliopigwa picha ulikuwa Meru. Mtu aliyekulia Arusha hawezi kukosea kilele kile kilichochongoka na ubavu wake wa mashariki uliobomoka. Nauona kila asubuhi ninapopiga mswaki. Nilipomweleza kijana wa mapokezi alicheka kwa adabu, akasema wageni hawajawahi kulalamika. Kilimanjaro wenyewe tuliuona bila malipo alfajiri, tukiwa tumesimama barabarani kabla mawingu hayajaufunika.

Nyumba ya reli ni habari nyingine, nami naipenda pamoja na kasoro zake. Moshi ya leo ni mtoto wa reli: njia iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, mji ukahamia chini ilipo stesheni, na makazi ya zamani yakabaki juu mlimani kwa jina la Old Moshi. Mwenye hoteli ameielewa historia hiyo. Ufunguo unakabidhiwa pamoja na kipande cha karatasi ngumu kama tiketi ya zamani, kikiwa kimetobolewa tundu. Madirisha ni ya mbao, yanashushwa kwa mkanda wa ngozi kama ya behewa. Na chumba cha familia kina vitanda vya kupandana ambavyo watoto wa dada yangu walivigombea mpaka usiku. Mimi nilivilalia usiku mmoja, miguu ikabaki nje.

Kwenye ukuta wa chumba cha kulia pana ubao mweusi wenye majina ya stesheni kwa chaki: Tanga, Korogwe, Mombo, Same, Moshi. Asubuhi ya pili nilisimama kuusoma, na mlinzi, mtu mzima aliyekuwa akimaliza zamu ya usiku, akaja kusimama kando yangu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akauonyesha ubao kwa kidevu: "Marahaba, mwanangu. Hapo wameruka Kahe. Sasa mtu wa Voi atashukia wapi?" Akanieleza kwamba Kahe ndipo njia ya kwenda Taveta na Voi inapochepuka, na kwamba yeye utotoni alikuwa akiuza ndizi mbivu kwenye madirisha ya mabehewa. Nilikaa naye mpaka chai yangu ikapoa. Hoteli ina hazina hiyo getini, inaitumia kufungua geti. Tulipokuwa tunaondoka niliona mtu ameshaandika "Kahe" kwa chaki, kwa herufi ndogo zilizobanwa kati ya Same na Moshi.

Nyumba ya kahawa ndiyo tuliyoiogopa zaidi, kwa sababu hapa Arusha tuliwahi kulala katika hoteli iliyojaa magunia, vinu na picha za mibuni, kisha asubuhi tukaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga ya kukoroga. Katika mji ambao Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933 na wakulima wa kahawa wa mlimani, kosa kama hilo lingekuwa aibu. Halikutokea. Kila alasiri, saa kumi hivi, mama mmoja anawasha jiko la mkaa uani, anaweka kikaango kipana cha chuma na kuzikaanga buni mbele ya wageni, akizigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Kwanza zinatoa harufu ya majani mabichi, kisha ya mkate, na zinapoanza kupasuka anainua kikaango haraka, kwa kuwa dakika moja ya ziada inaziunguza. Mgeni anayetaka anapewa mchi atwange mwenyewe. Mke wangu alitwanga, mama akachungulia kinu na kumwambia, "Bado, dada, hiyo ni ya kutafuna."

Asubuhi kahawa ni ileile, na pembeni yake pana mtori mzito wenye nyama ya kutosha. Ukutani hakuna maelezo yoyote, na sikuyahitaji. Kasoro zipo: vyumba vya mbele vinatazama barabara, na pikipiki za bodaboda huanza kunguruma kabla ya adhana ya alfajiri, chumba chetu kilikuwa kidogo hivi kwamba begi moja lilikaa chini ya kitanda.

Kuhusu bei, muhimu ni kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 imo ndani, na kama bei ni kwa shilingi. Nyumba ya mlima ilitutajia dola, ingawa kanuni za mwaka 2025 zimekataza jambo hilo, na ilipogeuza kuwa shilingi ilitumia kiwango chake yenyewe. Nyingine mbili zilitaja shilingi tangu simu ya kwanza.

Mwenye watoto aende kwenye reli, achukue chumba cha familia, na amtafute mlinzi kabla ya saa moja asubuhi. Sisi wawili tumechagua kahawa. Tumeshapiga simu kuomba chumba cha nyuma, ghorofa ya kwanza, kwa wiki ya Krismasi, na msimamizi ametutaka tutume malipo ya awali mapema, kwa sababu Desemba Wachaga wanarudi nyumbani na si wote wanaotaka kulala kwa mama mkwe.