Programu ya hali ya hewa kwa anayekwenda kazini kwa baiskeli Dar: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Abiria wa mwendokasi anataka kujua kama leo kutanyesha. Anayekwenda kazini kwa baiskeli ana maswali magumu zaidi: itanyesha saa ngapi, itanyesha kiasi gani, na upepo utakuwa unavuma kutoka wapi wakati yeye ameshapita Ubungo na Magomeni bado hajafika. Kijiwingu chenye matone matatu hakijibu hata swali moja kati ya hayo. Masika ikishaingia, kijiwingu hicho hicho hukaa kwenye simu wiki nzima, Jumatatu mpaka Jumapili, na hapo kinakuwa pambo tu.

Orodha hii nimeipanga kwa mtu wa Dar es Salaam, wa kutoka Kimara, Mbezi, Mbagala au Tegeta kwenda mjini na kurudi. Nasema hivyo mapema kwa sababu orodha nyingi utakazokuta mtandaoni zimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na zinachosifu wao hapa hakipo. Mwendesha baiskeli wa Uholanzi hufungua Buienradar, akaona mvua ikisogea kwenye ramani, akamalizia chai yake, akatoka ikishapita. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu nchi yake ndogo imefunikwa na rada na picha zake zinafika kwenye simu baada ya dakika chache. Sisi rada tunazo, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilianza na za Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara, lakini usitarajie kuziona picha zake ndani ya programu za kimataifa. Kwa hiyo programu ikikwambia "mvua itaanza baada ya dakika saba", jua kwamba kwa Uholanzi hicho ni kipimo, na kwa Manzese ni makisio yaliyovaa suti.

Nilichoangalia mimi ni hiki: je, inaonyesha milimita za mvua kwa kila saa? Inaonyesha upepo na mwelekeo wake? Inafunguka kwenye mtandao dhaifu bila kumaliza bando? Mengine yote, rangi nzuri, picha za machweo, kiwango cha chavua hewani, ni mapambo.

Ya kwanza: Yr

Yr ni ya taasisi ya hali ya hewa ya Norwei pamoja na shirika la utangazaji la nchi hiyo, NRK. Ilianza mwaka 2007. Ni ya bure na haina matangazo, na hilo pekee linaiweka mbele ya nyingi, maana matangazo ya video ndiyo yanayokula bando kabla hujaona hata tone moja la utabiri. Kiswahili haina, lakini namba hazihitaji mkalimani.

Ukishaiweka, achana na ukurasa wa mbele. Gusa siku ya leo ikufungukie jedwali la saa kwa saa. Tuseme unatoka kazini saa 11 jioni. Unaona saa 10 imeandikwa 0.2, saa 11 imeandikwa 3.4, saa 12 imeandikwa 0.5. Hizo ni milimita, na milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Chini ya 0.5 ni manyunyu, shati litakauka njiani. Ikifika 1 au 2 ndani ya saa moja, suruali italowa magotini na breki za mpira kwenye ringi zitaanza kuchelewa kushika. Ikipita 5, kaa ofisini ujibu barua pepe.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui na ndilo linalowafanya waseme "utabiri ni uongo". Kwa huku kwetu namba za Yr zinatokana na mfano wa kompyuta, yaani hesabu zinazoiga mwenendo wa hewa, wa kituo cha utabiri cha Ulaya cha ECMWF, ambao unaigawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 9. Kutoka Kimara Mwisho hadi Posta ni kama kilomita 15. Yaani safari yako yote ya asubuhi iko ndani ya miraba miwili, labda mitatu. Mfano ukisema milimita 1, huo ni wastani wa mraba mzima: inawezekana kabisa Manzese wamepata mvua ya kuelea na Kimara vumbi limebaki vile vile. Namba ndogo wakati wa masika usiidharau basi, na namba kubwa usiione kama hukumu. Isome kama hali ya hatari kwa eneo lote unalopita.

Hifadhi sehemu mbili, nyumbani na kazini. Kisha ongeza ya tatu ambayo karibu hakuna anayeikumbuka: Kisarawe. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu huko, na maji yanayokufungia njia pale Jangwani mara nyingi hayakunyesha Jangwani. Posta jua linawaka, programu inakuonyesha jua, nawe unafika bondeni unakuta mwendokasi zimesimama na watu wamekunja suruali. Utabiri wako haukukosea, ulitazama mahali pasipohusika. Ukiona mvua kubwa Kisarawe usiku, asubuhi tafuta njia nyingine kabla hujatoka nyumbani.

Upepo Yr inautoa kwa mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa: mita 7 ni kilomita 25, na kilomita 25 za upepo wa usoni kwa baiskeli ya gia moja ni adhabu.

Ya pili: Windy

Wapenzi wa Windy watanikasirikia kwa kuiweka ya pili. Ni programu yenye nguvu kuliko Yr, iliyoanzishwa na Mcheki Ivo Lukačovič mwaka 2014, na kama simu yako ni nzuri na bando si tatizo, igeuze orodha yangu kichwa chini. Lakini ramani zake ni nzito. Kwenye simu ya bei ya chini, mtandao ukiyumba, utasubiri huku unaangalia wingu halisi likikukaribia.

Inachofanya Windy ambacho Yr haifanyi vizuri ni mambo mawili. La kwanza ni kulinganisha. Inakuwekea pamoja mfano wa ECMWF, GFS wa Marekani na ICON wa Wajerumani. Wote watatu wakisema jioni kavu, nenda kwa amani. Wakigombana, mmoja anasema kavu na mwingine anasema milimita 8, hapo ndipo koti la mvua linafungwa kwenye keria hata kama asubuhi ni nyeupe.

La pili ni picha za setilaiti. Hizi si utabiri, ni mawingu yenyewe yalivyo sasa hivi, kutoka setilaiti ya Meteosat. Kabla ya kufungua kufuli ya baiskeli saa 11 jioni, fungua ramani hiyo ya setilaiti na urudishe picha nyuma kwa saa moja. Tafuta doa jeupe lenye kingo kali ambalo kila picha inayofuata linakuwa pana zaidi: hilo ni wingu la radi linalopanda juu. Ukiona linatanuka upande unakoelekea, subiri. Ukiona linachakaa na kingo zake zimekuwa kama pamba iliyochanwa, limeshamaliza kazi yake. Picha inafika na kuchelewa kidogo, kwa hiyo wingu unaloliona limeshasogea. Asubuhi geuza macho upande wa bahari, kwa sababu mvua nyingi za pwani yetu huingia alfajiri kutoka huko.

Kwa upepo Windy haina mpinzani. Kusi ikishika, kati ya Juni na Septemba, mtu wa Kimara anakutana nayo kwa mshazari wa usoni asubuhi anapokwenda mjini, na jioni inamsukuma. Kaskazi na upepo wa bahari wa mchana wa Januari nao humbeba wa Kimara anaporudi nyumbani, lakini mtu wa Tegeta humpinga. Ukijua hilo unajua ni siku gani utoke dakika kumi mapema. Windy huanza na fundo, kipimo cha kasi cha mabaharia. Gusa kipimo kibadilike kuwa kilomita kwa saa. Angalia pia safu ya dharuba, maana upepo wa wastani hauangushi mtu. Kinachoangusha ni ule wa ghafla unaokupiga ubavuni lori linapokupita.

Ya tatu: kutafuta tu hali ya hewa Google

Hii si programu ya kupakua, ndiyo maana naipenda kwa mtu ambaye simu yake imejaa. Mwaka 2025 Google walianza kutoa kwa Afrika utabiri wa mvua wa saa 12 zijazo kwa hatua za dakika 15, unaotegemea picha za setilaiti badala ya rada ambazo hatuna za kutosha. Ni wazo zuri kwa bara letu. Uitumie kwa saa mbili tatu za mbele, usiitumie kupanga kesho. Upepo wake ni wa juu juu tu.

TMA: nje ya mashindano

TMA siipangi namba kwa sababu kazi yake ni nyingine. Taarifa zake zinakuja kwa Kiswahili, kwa mkoa, na kwa ngazi tatu: Angalizo, Tahadhari, Tahadhari Kubwa. Haikwambii saa 11 jioni itakuwaje Magomeni. Inakwambia kama wiki hii kuna jambo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja Mafia, walikuwa wameshatoa taarifa kabla, na siku kama hiyo milimita za programu yoyote hazina maana kwako: baiskeli inabaki ndani. Fuata kurasa zao za mitandao ya kijamii, tovuti yao ifungue mara moja kwa wiki wakati wa masika na vuli. Ikitoka Tahadhari, hiyo ndiyo inayotawala, hata kama Yr inaonyesha jua.

Zinazobaki

AccuWeather ni kampuni ya zamani, ya tangu 1962, na ndani ya Marekani ina sifa zake. Kwetu, utabiri wake wa dakika kwa dakika ndio ule niliousema juu, na toleo la bure lina matangazo. Programu iliyokuja na simu, iwe ya Samsung au ya Apple, inatosha kwa anayetaka kujua kama aanike nguo. Apple waliinunua programu ya Dark Sky mwaka 2020, baadaye wakaifunga, na ule ujuzi wake wa mvua ya saa ijayo waliouhamishia kwao unafanya kazi kwa nchi chache.

Programu yoyote inayokupa utabiri wa siku 30, siku kwa siku, ifute. Hakuna anayejua kama tarehe 28 saa 10 jioni kutanyesha Tabata.

Je, ulipie?

Kwa safari ya kwenda kazini, hapana. Windy ya kulipia inakupa hatua za saa moja moja badala ya tatu na data mpya mara nyingi zaidi kwa siku, na hizo saa moja moja Yr inakupa bure. Pesa hiyo nunua madigadi marefu ya nyuma na mfuko wa simu usiopitisha maji. Anayestahili kulipia ni yule anayefanya mazoezi ya masafa marefu, Bagamoyo kwenda na kurudi, ambaye kosa la upepo linamgharimu saa nzima.

Kama hauko Dar, mpangilio unabadilika kidogo. Nairobi jioni za mvua za Machi hadi Mei setilaiti ya Windy ina kazi kubwa kuliko jedwali. Bukoba na Mwanza pia weka Windy mbele: radi za Ziwa Victoria huzaliwa usiku juu ya maji, na Bukoba inazipokea asubuhi ile ile unayotaka kutoka. Hapo picha ya saa 11 alfajiri itakwambia mengi kuliko utabiri wowote uliosoma jana usiku kabla ya kulala.