"Si uliomba kutu?" Uzoefu wangu na masanduku ya chuma barazani

Naandika haya vidole vikinuka ndimu. Tangu asubuhi niko magotini barazani, ndimu mkono huu, chumvi mkono huu, nasugua vigae vyeupe nilivyovinunua kidogo kidogo, safu kwa safu. Bado vina michirizi ya rangi ya chungwa, utadhani kuna mtu amechinja kitu akakiburuta mpaka mlangoni. Kwa hiyo nikifoka mnivumilie.

Nilichotaka ni baraza lipendeze, basi. Mnaijua Lubumbashi ikifika mwezi wa nane: vumbi jekundu juu ya kila kitu, nyasi zimekauka, miti ya porini imepukutika, lupango nzima, yaani ua wote, imekuwa rangi moja. Nikataka kitu kinachobaki kijani mwaka mzima. Kwenye simu nikaona picha za mabaraza ya Ulaya, masanduku marefu ya chuma kilichoshika kutu, ndani yake vichaka vya kijani kizito. Kutu ile ni rangi ya udongo wetu kabisa! Nikasema hawa watu wametuibia, nami narudisha mali nyumbani.

Chuma chenyewe kinaitwa Corten, cha Wamarekani, kilianza kuuzwa miaka ya 1930. Kinachanganywa na vitu kadhaa, kimojawapo shaba kidogo, haifiki hata asilimia 1. Kikilowa kikakauka, kikalowa tena kikakauka, kutu yake inashikana kama ngozi, na ngozi hiyo inaizuia kutu nyingine isile ndani. Chuma cha kawaida hakina ngozi hiyo. Kutu yake inabanduka magamba, chini yake inaanza nyingine, mpaka chuma kiishe. Niliposoma habari ya shaba nikacheka peke yangu. Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, dohani ya Gécamines, kampuni ya madini, bado inatutazama kila siku, halafu nikose shaba ya kutia kwenye sanduku la maua?

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Jina lake nalihifadhi, ana watoto. Nilimwonyesha picha, akainamisha kichwa, akaigonga simu yangu kwa ukucha. "Hii? Mama, hii njo kazi yetu ya kila siku." Nikamuuliza kama anacho chuma cha aina hiyo hasa, chenye kutu isiyokula. Anacho. Nikauliza mara ya pili. Anacho, mama, usiwe na wasiwasi. Dola 240 kwa masanduku manne, nusu nikaacha pale pale.

Haki yake nampa: alileta siku aliyosema, na kwa mafundi wa hapa kwetu hilo peke yake linatosha mtu kuombewa misa. Masanduku yalikuwa mazuri, sisemi uongo. Pembe zimenyooka, mshono umesagwa mpaka kidole hakiusikii, kutu imetanda sawasawa kote. (Aliyanyunyizia maji ya chumvi siku tatu juani. Hilo nimekuja kulijua baadaye, kwa kijana wake wa kazi.) Siku ile niliyazunguka kama bibi harusi anayekagua sahani zake.

Miche nilinunua kwa mzee mmoja anayeipanga kando ya barabara. Sipre mbili, nyembamba ndefu kama mishumaa, na tuya mbili za duara, miti inayobaki kijani mwaka mzima. Huyu mzee kama ningeweza ningemwandikia ukurasa wake. Alinionya kwamba chuma kitachemka mwezi wa kumi, nitandike kitu ndani ya kuta mizizi isiungue. Akasema niyainue masanduku juu ya matofali. Akanipa na udongo aliochanganya mwenyewe, wenye mchanga mwingi. Nikiwa tayari nimekaa kwenye pikipiki akanifuata: "Mama, chini kuna matundu?" Nikamjibu, nikiwa na haraka zangu, kwamba fundi anajua kazi yake.

Mvua zikaanza. Mvua ya kwanza, michirizi. Ya pili, michirizi imekuwa vijito. Baada ya wiki chache tuya moja ikaanza kugeuka kahawia kutoka chini, nikadhani kiu, nikaongeza maji! Ilipofuata ya pili nikaingiza mkono kwenye udongo. Ulikuwa uji. Nikamwita kijana wangu tuuvute mti, ukatoka bila ubishi, mizizi myeusi, harufu ya mtaro. Miti hii inavumilia baridi ya mwezi wa saba, inavumilia vumbi, lakini kusimama ndani ya maji haiwezi. Tukalipindua sanduku. Hakuna tundu hata moja. Nikachukua bisibisi nijaribu kutoboa mwenyewe, nikaigusisha kwenye kona tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Kama biskuti iliyosahauliwa ndani ya chai. Bati la milimita 1, jamani, chuma cha kawaida kabisa, miezi michache tu na kona imekwisha.

Nikampigia fundi. Mimi ni mtu wa heshima, nilianza na salamu, habari za nyumbani, habari za kazi. Nikaeleza taratibu: Papa, vigae vimeharibika, miti miwili imekufa, chuma kinatoboka. Kimya kidogo. Halafu akasema:

"Mama, si uliomba kutu? Kutu njo hiyo."

Na nyuma yake nikasikia kicheko. Alikuwa ameweka simu kwenye spika. Vijana wake wote, nadhani na wateja, walikuwa wananisikiliza nikieleza habari za tuya zangu. Mmoja akarudia, "Alikuja kununua kutu!" wakacheka tena. Nilikata simu. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa nampangia majibu. Niliyapata mazuri sana, yote saa tisa za usiku, yote bure.

Dola 240 nitazisahau. Kile kicheko, hapana.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapoharibika. Shemeji yangu anaendesha malori ya Kasumbalesa, kule mpakani, alikuja Jumapili, akanikuta nasugua. Nikamsimulia. Akaniambia makontena yale ya melini, mengi yametengenezwa kwa chuma hicho hicho ninachokitafuta, ndiyo maana yanavumilia bahari. Yaani lile kontena lililogeuzwa duka pale kona, ninaponunua vocha kila siku, chini ya rangi yake ya bluu ni Corten! Nimepita mbele yake miaka mingi. Fundi angeweza kunikatia ubavu wa kontena bovu, angeondoa rangi, nikapata kitu cha kweli. Alijua? Sidhani alijua. Na kama hakujua, basi alisema uongo au alibahatisha? Siku nyingine naona ni mwongo, siku nyingine naona ni mtu aliyetaka kazi tu.

Na kuna jambo lingine nimelisoma ambalo sikupenda kulisoma. Hata chuma chenyewe cha kweli kinachuruzisha kutu miezi ya mwanzo, kabla ngozi haijakomaa. Wanaokijua hawakiweki juu ya vigae vyeupe, wanaweka juu ya changarawe au wanatanguliza kitu cha kukinga maji. Kwa hiyo michirizi ningeipata vilevile. Vigae basi namsamehe. Matundu simsamehi. Ingawa mzee wa miche aliniuliza, na mimi ndiye nilijibu.

Niliwaambia majirani wasikanyage kwa yule fundi. Juzi Mama Mapasa kaja kuomba unga, akasimama mbele ya sanduku lililobaki, lile la karibu na jiko ambalo liko chini ya paa na halilowi sana, nimelitoboa matundu sita kwa msumari wa moto. Sipre yake imenyooka vizuri. Saa kumi na moja jua likipiga pale, kutu inakuwa kama kaa la moto, na ule mti unakuwa mweusi wa kijani. Mama Mapasa akauliza nani amenitengenezea. Nikasema sikumbuki. Ameondoka nikajiona mchoyo.

Jana nikapata ujumbe wa sauti. Ni yeye, fundi. Ana mteja wa kule mtaa wa Golf anataka masanduku kama yangu, anaomba picha, "ile baraza yako ni nzuri, mama". Hakutaja simu yetu kabisa, kama haikuwepo. Nikapiga picha ya vigae, michirizi yote inaonekana. Nikaifuta. Nikangoja saa kumi na moja, nikapiga lile sanduku la jikoni na sipre yake, nikamtumia, nikaandika chini: "Mtobolee matundu."

Ameiona. Hajajibu hata asante.