Boraksi kwenye ngozi ya ndege, nilivyoiona mimi hapa Tabora

Huu unga mweupe wa boraksi nimeutumia karibu mwaka sasa, nanunua kwa sonara maana wao wanayeyushia dhahabu. Nakausha ngozi ya ndege na manyoya yake ili abaki anaonekana kama alivyokua hai, kuku na kanga wa kufugwa tu, wa porini bila kibali sigusi. Watu wananiuliza kama kweli unazuia manyoya kunyonyoka, jibu langu unasaidia ila sio wenyewe unaoshika manyoya.

Ndege wa kwanza alikua jogoo kuchi wa mjomba, kafa asubuhi mwezi wa kumi, na joto la Tabora mwezi huo mnalijua, nikamwacha kwenye ndoo mpaka jioni ndo nikamchuna. Boraksi nilimwaga ya kutosha kabisa lakini nilivyomgeuza tumboni manyoya yakawa yanabaki mkononi mafungu mafungu na ngozi ishaanza ukijani. Iliniuma sana, mjomba alikua anampenda yule jogoo. Bakteria walishalegeza mashina ya manyoya kabla unga haujagusa ngozi, na yakishalegea hivo hakuna dawa.

Kanga aliyefuata nikamsubiri apoe kidogo tu nikamtia friza, siku ya kumchuna nikakaa na mafuta karibu masaa mawili, hasa mapajani na ile tezi ya juu ya mkia, nakwangua taratibu na kisu butu maana ngozi ya ndege ni kama karatasi. Mafuta yakibaki yanageuka njano, yanavuja na kula ngozi. Nikamuosha na sabuni ya vyombo, nikamsuuza, nikamkamua kwa taulo bila kusugua, alafu drayer ya upepo wa baridi huku napeperusha manyoya kwa vidole mpaka yakasimama. Boraksi nikaipaka upande wa ndani ngozi ikiwa bado na unyevu ili ishike. Miezi saba hajaangusha hata nyoya na wale viwavi wenye vinyweleo wanaokula ngozi sijawaona.

Ubaya wake inakausha haraka, usipake kabla hujamaliza mabawa, yatakugomea. Vaa glavu na barakoa, na weka mbali na jikoni kabisa kwasababu inafanana na chumvi. Ila bado ni afadhali mara mia kuliko aseniki waliyokua wanatumia zamani, ndege wa makumbusho wa enzi zile wana sumu mpaka leo.

Upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani, ndo umenishinda, unasinyaa tu hata niupake vipi, hapo boraksi haijanisaidia kitu.